Kioda ya Matarawe Yaingia Majimaji

Jumapili, 6 Julai 2025

Tumeshinda. Tatu kwa moja. Mimi mawili, la tatu kafunga Careen kwa goti — anasema alikusudia. Ana miaka kumi na tisa, mwache akusudie.

Kwa hiyo ni fainali ya mkoa, Jumamosi ya tarehe 19, na safari hii si kiwanja cha shule wala cha misheni. Uwanja wa Majimaji! Nimeandika taratibu ili mkono uzoee.

Weka kumbukumbu, Getruda Ngonyani, maana hakuna mwingine atakayekuwekea. Umri, thelathini na minane. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo, namba tisa wa Matarawe Queens, timu ya kwanza ya wanawake mtaani kwetu na kwa muda mrefu ya peke yake, kwa hiyo tulikuwa mabingwa kila mwaka. Nimefunga Peramiho, sista akiwa golini na shela yake, kwa sababu kipa wao alikuwa ameolewa wiki ile. Nimefunga Mbesa, wagonjwa wa hospitali wakishangilia madirishani. Nimefunga Tunduru, mnunuzi wa mawe akaniita pembeni akanizawadia rubi. Ilikuwa kipande cha chupa. Ninacho hadi leo — chupa nzuri.

Majimaji sijafunga hata moja. Tuliingizwa mle mwaka 2004, mara moja tu, wakati wa mapumziko ya mechi ya wanaume. Dakika kumi, watu wapate cha kucheka wakitafuna karanga. Nikawapita mabeki wawili, nikabaki na kipa tu — filimbi! Tokeni, wanaume wanarudi.

Nataka goli moja mle. Moja. Sina tamaa.

Kocha Thadei kasema nitaanza benchi, dakika ishirini za mwisho ni zangu. Thadei ana miaka ishirini na tisa, cheti na laptop. Kasema magoti yangu ni rasilimali ya kutunzwa. Sijabisha. Ishirini zinatosha. Ile siku nilipewa kumi na nilikuwa nakaribia.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika isipokuwa mashine yetu ya kusaga. Mahindi yametoka shambani, foleni ya madebe imefika barabarani. Jioni nilikuwa mweupe kuanzia kope. Baridi ya kukata masikio.

Mwanaheri kapiga simu kutoka Tunduru. Ndiye beki wa kati wa timu tutakayocheza nayo. Ananikaba tangu mwaka 2006. Hakuna mwanamume aliyewahi kunifuata kwa uaminifu namna hiyo.

Kauliza kama bado nakimbia au sasa natembea. Nikamwambia natembea, Jumamosi ya fainali nitamtembelea. Akasema, "Karibu, mwenzangu. Wallahi nikusikie tu hayo magoti yanavyolia, nitajua ulipo hata nikifumba macho."

Amenipa wazo. Nitayapaka mafuta.

Jumatano, 9 Julai

Balaa.

Uwanja wa Majimaji hauchezewi bila cheti cha usajili wa timu. Katika viwanja vya shule hakuna aliyewahi kutuuliza. Leo Thadei kaenda ofisi ya utamaduni na michezo, afisa anaitwa Bwana Pankrasi, faili likatolewa, vumbi likapigwa. Thadei kalisoma. Karudi amekaa juu ya mpira kama kuku anayeatamia.

Faili linasema: Kikundi cha Kioda Matarawe. Shughuli: ngoma ya asili. Neno mpira halimo, hata kwa bahati mbaya.

Wasichana hawakushtuka sana. Historia wanaijua — afisa wa zamani alikosea, aliandika ngoma badala ya mpira, watu wa ofisini ndivyo walivyo. Wanaijua kwa sababu nimewasimulia mimi. Naisimulia vizuri, mpaka namna yule mzee alivyovaa miwani juu chini.

Hapa naandika peke yangu, basi niandike.

Mzee yule hakukosea. Fomu niliijaza mimi, mwaka 2003, mwandiko wangu, kalamu yangu. Nani angemruhusu binti wa miaka kumi na sita atoke kila jioni kwenda kupiga mpira? Lakini kwenda ngomani! Tena kioda — ngoma ya kina mama wa kule ziwani Nyasa, magauni meupe, mistari iliyonyooka, kiongozi na filimbi yake. Mzazi gani akatae? Hasa wangu. Mama yangu, Kunegunda, alikuwa ndiye mshika filimbi kule Liuli kabla hajaolewa huku Songea. Alitia sahihi kwenye fomu kama mlezi wa kikundi. Alinishonea gauni jeupe. Uzi mweupe ukamwishia kwenye pindo, akamalizia wa bluu, akaniomba radhi kwa ule wa bluu.

Gauni nikalikata kiunoni. Nusu ya juu nikaiandika 9 kwa wino wa kuandikia magunia. Ndiyo iliyokuwa jezi yangu ya kwanza.

Wiki ya tatu jirani akamwambia. Mama hakunipiga. Hakusema kitu. Ila tangu siku hiyo hajakanyaga kiwanja chochote nilichochezea, na tunaishi nyumba moja.

Halafu Dar, 2009. Walikuwa wanachagua wachezaji wa timu ya taifa, nikaitwa, siku mbili nikawafunga mabeki wao nilivyotaka. Siku ya tatu wakataka cheti cha klabu. Wakakisoma. Mmoja akaniuliza kama najua kukata viuno. Nikarudi Songea kwa basi. Hata hapo nikamlaumu yule afisa. Alikuwa amestaafu, hakuwa na nafasi ya kujibu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda mwenyewe kwa Bwana Pankrasi. Nimevaa sketi.

Ni mtu mstaarabu, na hilo ndilo tatizo — huwezi kumkasirikia. Kasema faili linarekebishika. Anaongeza maneno manne, "na mpira wa miguu", anagonga muhuri, dakika mbili. Lakini anarekebisha kikundi kilicho hai tu. Kikundi ambacho hakijawahi kufanya shughuli yake ni kikundi hewa, na hewa inafutwa.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo Jumatano saa nane nakuja Matarawe. Mnacheza kioda, nashuhudia kwa macho yangu, naandika. Msipocheza, dada, nafuta. Na fainali mtaitazama na sisi jukwaani."

Nikasema hakuna shida, wasichana wana hamu. Nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa ameweka fomu ya 2003 kando ya daftari la wageni nililosaini dakika kumi kabla.

"Huyu mzee aliyekosea," akasema, "mwandiko wake haujabadilika kabisa."

Nimejibu kwamba Jumatano saa nane haitakuwa na mvua.

Ijumaa, 11 Julai

Tumejaribu wenyewe. Careen kapata video ya kioda kwenye simu, sekunde arobaini, halafu bando likaisha. Sekunde arobaini hizo tumezicheza saa nzima. Ilianza kioda, ikawa disko la kipaimara. Thadei kachora mishale kwenye laptop, nani aende wapi. Kipa kapiga ngoma teke, kwa mazoea.

Mjini hapa namjua mtu mmoja anayeweza kutuokoa. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua saba. Nimezihesabu mara nne. Sijabisha hodi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimebisha hodi.

Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua gunzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

Nikamwambia. Nilianzia kwa Pankrasi, nikajikuta nimerudi Dar, nikajikuta nimerudi kwenye fomu, kwenye mkasi. Mama anapukuchua tu. Punje zinalia kwenye beseni.

"Kwa hiyo leo ndiyo umeikumbuka kioda," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulidhani ni mpira ulioniuma?"

Kweli nilidhani ni mpira! Miaka ishirini na miwili.

"Mpira ungeniambia ningekununulia. Niliandika barua Liuli, Getu. Niliwaambia wenzangu, binti yangu ameshika filimbi. Wakaniletea filimbi yenyewe ya kikundi, wameifunga kwenye kitambaa. Halafu naambiwa mwanangu yuko uwanjani, ngoma yangu ameifanya pazia la kuvulia nguo."

Mahindi yaliyobaki tumeyamaliza. Nilipoinuka akasema kesho saa kumi na moja. Masharti mawili. Anayechelewa hachezi. Na kabla ya ngoma nitawaeleza wasichana ukweli mbele yake, bila ile miwani ya juu chini.

Kumbe yale masimulizi yangu anayasikia mpaka chumbani kwake.

Jumapili, 13 Julai

Nimewaeleza. Wamesimama nusu duara, mimi katikati kama mtu anayetaka kupigiwa kura.

Careen: "Kwa hiyo Dar ulijikosesha mwenyewe?"

Mimi: "Mwenyewe."

Halafu kipa kacheka, wakacheka wote, mpaka Thadei. Mmoja kasema pole dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa pole. Nikajidai nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa pekupeku.

Kisha mama kashika uwanja. Mwanamke wa miaka sabini na moja, sweta, ndala, filimbi. Filimbi moja ndefu — mstari unanyooka. Mbili fupi — mstari wote unapiga hatua mbele, mguu wa kulia, pamoja, si mmoja baada ya mwingine! Anaimba, sisi tunaitikia. Anayekosea anatukanwa Kinyasa, na kwa kuwa hakuna anayekijua, kila mmoja anajiona ndiye aliyetukanwa.

Nani anacheza vibaya kuliko wote? Kiongozi wa kikundi kwa mujibu wa faili.

"Huyu ndiye mnayesema ana miguu?" mama akawauliza.

Jumanne, 15 Julai

Thadei kagundua kitu, hajalala vizuri kwa furaha. Miezi sita amewafundisha mabeki wetu wanne kupanda pamoja ili washambuliaji wa adui wabaki wameotea. Miezi sita — mmoja anapanda, mmoja anabaki, mmoja anafunga nywele. Jana kamwomba mama apulize mbili fupi wakati wa mazoezi ya mpira. Mabeki wanne wakapiga hatua kama mtu mmoja! Careen akabaki ameotea mita tatu, anashangaa.

Leo wamerudia mara thelathini. Thadei anamwita mama "mwalimu". Mama kamuuliza kuotea maana yake nini, akachorewa mishale kwenye laptop. Akatazama. Akasema, "Aa. Ni yule anayetangulia wimbo."

Sijawahi kusikia mtu akiieleza sheria ile kwa ufupi zaidi.

Jumatano, 16 Julai

Saa nane kamili Bwana Pankrasi kaja na kiti chake mwenyewe.

Magauni hatukuwa nayo. Tumevaa mashati ya shule na shuka nyeupe kiunoni. Mimi shati langu lilikuwa la mashineni, halihitaji kufuliwa kuwa jeupe. Nusu ya mtaa ilikuja. Mama katangulia, filimbi mdomoni, na kwa dakika kumi na tano nilimwona mtu nisiyemjua. Mabega yale! Anageuka na mstari mzima unageuka, hatazami nyuma kuhakikisha. Mimi nilikosea mara tatu, nikalifunika la tatu kwa tabasamu.

Pankrasi alikuwa anaandika huku kiatu kinampigia. Tulipomaliza kasema hakuona vizuri, turudie. Tukarudia. Kasema hewa haitoi jasho namna ile. Kagonga muhuri juu ya goti lake.

"Na mpira wa miguu."

Wasichana wamepiga vigelegele. Nimesoma maneno hayo mara kumi. Miaka ishirini na miwili, na yanaenea kwenye nafasi ya kidole gumba.

Ijumaa, 18 Julai

Mama kaniuliza mechi ni saa ngapi. Saa kumi. Kasema atakuwa na kazi.

Kazi gani, sijauliza. Jioni kulikuwa na kitu cheupe kwenye kamba ya nguo, akakianua nilipotokea.

Jumamosi, 19 Julai. Majimaji. Mapumziko

Naandika nyuma ya orodha ya wachezaji, kwa kalamu ya Thadei. Sijui kama nitayakumbuka haya baadaye kama yalivyo, bora yawekwe.

Nyasi. Nilikuwa nimesahau kwamba mle kuna nyasi.

Mama kaja! Jukwaa la mzunguko, mstari wa mbele, kajifunga kilemba cheupe. Nikakitazama kile kilemba wakati wa kupasha misuli mpaka Mwanaheri akaniuliza kama nimeona mzimu. Pindo lake lina uzi wa bluu. Nusu ya chini ya lile gauni. Ameitunza miaka yote hiyo, nami nilidhani ilishakuwa tambara la kudekia.

Filimbi pia kaja nayo.

Kipindi cha kwanza, mimi benchi kama tulivyokubaliana. Sifuri sifuri, dakika ya thelathini na nane. Mabeki wetu wametulia vizuri, Tunduru wana mpira pembeni, hakuna hatari. Hapo jukwaani mama akapandwa na furaha — sijui ni nini, nadhani Careen alimpiga mtu chenga — akapuliza. Mbili fupi.

Mabeki wanne wakapiga hatua mbele. Mguu wa kulia. Pamoja. Uzuri ulioje! Mshambuliaji wa Tunduru alikuwa hajaotea kabisa, alikuwa bado mbele yao anakuja mbio. Wakampisha kama wageni wa harusi. Moja bila.

Thadei alijifunika uso kwa laptop. Mwanaheri alikuja hadi benchi letu kunishukuru kwa ukarimu.

Sasa hivi refa kamtuma Bwana Pankrasi. Kasimama hapa mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, hana raha. Kasema ama filimbi itoke uwanjani, ama mama atoke nayo. Amesema akinitazama mimi.

Kabla sijafungua mdomo, mama huyu hapa, nyuma yake, kashuka jukwaani mwenyewe. Nilidhani atalia. Hajalia. Kawatazama mabeki wanne mmoja mmoja.

"Nimewaponza, wanangu."

Wakasema hapana bibi, hapana. Mmoja kasema tulicheza vizuri lakini.

Kaja mpaka nilipokaa. Kaniwekea filimbi mkononi, ya moto bado.

"Liuli walikuletea wewe hii," akasema. "Kaa nayo."

Nikamwambia, mama, mimi naingia sasa, siwezi kuingia na filimbi. Kweli Thadei kashabadilisha — hatungojei dakika ishirini za mwisho, nimepewa arobaini na tano zote, magoti na rasilimali zake. Akanitazama viatu, soksi, jezi. Akanizungusha aone mgongo. Kwenye 9 akapitisha kidole, kama mtu anayekagua mshono.

"Umekosea mara tatu Jumatano," akasema. "Niliona."

Akaondoka na Pankrasi. Filimbi nimeifungia kwenye begi, pamoja na rubi ya chupa.

Refa anaita. Mwanaheri kashatoka, nasikia anauliza kwa sauti nimelala au vipi. Kocha anataka kalamu yake. Dakika moja —

Huko nje jukwaani mtu anaimba. Sauti moja, ya mwanamke mzee, haina haraka. Ule wimbo. Filimbi ndiyo waliyoizuia, wimbo hakuna aliyeutaja. Na sasa mstari mzima wa kina mama wa Matarawe unamwitikia, na nadhani na wa Tunduru wamo humo, hawajui wanamshangilia nani.

Mabeki wetu wanne wamepanga mstari mlangoni, wananingoja nitangulie. Hakuna aliyewaambia. Wimbo umefika pale pa hatua. Mguu wa kulia mbele — wote wanne.

Na wangu.